Video isiyopiga hodi

Na Mwandishi Wetu

Pwani mgeni hubisha mlangoni na kungoja kuitikiwa. Video za mtandaoni siku hizi huingia bila kuitwa, na anayelipa gharama ni mwenye simu. Je, yafaa ziachwe zijianzishe zenyewe?

ILIKUWA Jumatatu jioni, tarehe 30 Septemba 2019. Nilikuwa jikoni nyumbani kwetu Shelly Beach, Likoni, nikikuna nazi. Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, alikuwa sebuleni na simu yangu mkononi. Nilikuwa nimempa dakika kumi tu, atazame picha za arusi ya binamu yake ambazo shangazi yake alikuwa ameziweka mtandaoni.

Mara nikasikia mayowe. Hayakuwa ya arusini. Nilipofika sebuleni nilimkuta mtoto ameikodolea macho simu, kidole gumba kimesimama hewani. Kwenye kioo cha simu, gari lilikuwa likiteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri na kuzama baharini.

"Mama," akaniuliza, "wale walio ndani wametoka?"

Sikuwa na jibu. Kila mtu wa Likoni alijua kwamba hawakutoka. Jioni iliyotangulia, Jumapili tarehe 29 Septemba, mama mmoja na bintiye wa miaka minne walizama ndani ya gari lao walipokuwa wakivuka kivuko cha Likoni kwa feri ya MV Harambee. Kuna aliyekuwa na simu mkononi akapiga picha ya video, na kufikia usiku huohuo video ile ilikuwa imeenea nchi nzima.

Jambo ninalotaka msomaji alitie maanani ni hili: mwanangu hakuitafuta video hiyo wala hakubonyeza chochote. Alikuwa akisukuma ukurasa juu kwa kidole ili aione picha nyingine ya bibi arusi, na video ikajianzisha yenyewe, sauti na yote.

Asubuhi yake tulipofika kwenye mteremko wa feri, mtoto akaning'ang'ania mkono na kukataa kusonga mbele. Shule yake ilikuwa ng'ambo, kisiwani. "Twende kwa miguu," akasema huku akilia. Ningemwambia nini? Watu walitupita kulia na kushoto, wengine wakinitazama kana kwamba nimempiga.

Nyumbani, bibi yake alinilaumu kwa kumpa mtoto simu. Nikamjibu kwamba mimi nilimpa picha za arusi. "Basi hiyo nyingine aliyempa ni nani?" akauliza mzee wa watu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafutia swali hilo jawabu, na makala haya ndiyo niliyoyapata.

Desturi ya hodi

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukijua kwamba nyumba ya mtu haiingiwi hivi hivi. Mgeni hupiga hodi, akangoja kuambiwa karibu. Asipoitikiwa hubisha tena, na mara ya tatu ikipita kimya huenda zake bila kununa. Huenda mwenye nyumba amelala, huenda anaoga, huenda ana mgonjwa, au basi tu hataki mgeni kwa saa hiyo. Haulizwi sababu.

Mitambo ya zamani nayo ilikuwa na adabu hiyo. Redio haikulia mpaka uiwashe. Kaseti ya video haikucheza mpaka uitie kwenye mashine na kubonyeza. Wale waliowahi kuingia saibakafe za Mombasa miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, tukilipa kwa dakika, wanakumbuka jinsi ukurasa mmoja ulivyojikokota kufunguka. Zilikuwako kurasa chache zilizopiga muziki mara tu ulipozifungua, na hata wakati huo watu walizichukia. Lakini video ilikuwa mzigo mzito mno kujileta yenyewe.

Mambo yalianza kubadilika pale nyaya za mawasiliano zilipofika pwani yetu kupitia chini ya bahari. Waya wa TEAMS ulitua Mombasa mwezi Juni 2009, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi Julai mwaka huohuo. Intaneti ikaongeza kasi, na simu za kisasa zikafuata. Njia ikawa imefunguka kwa video, zile tunazozitaka na zile tusizozitaka.

Mwaka 2013 mtandao wa Facebook ulianza kuzifanya video zijicheze zenyewe mtu anapopitisha ukurasa, lakini bila sauti. Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilifuata mwezi Juni 2015. Mwaka huo pia YouTube iliweka utaratibu wa video moja kuifuata nyingine bila mtazamaji kuombwa ruhusa. Mwezi Februari 2017 Facebook ilitangaza kwamba sasa video zingeanza na sauti kwenye simu, isipokuwa simu iwe imenyamazishwa. Kisha ikaja TikTok, ambayo imejengwa juu ya jambo hilo hilo: ukiifungua tu, video tayari inacheza.

Faida ni ya nani?

Mtu anaweza kuuliza, kampuni hizi zinapata nini video inapojianzisha? Jibu ni wakati wako. Mitandao hii hatulipi kuitumia kwa kuwa inauza matangazo ya biashara, na bei ya matangazo hutegemea ni watu wangapi walitazama, na kwa muda gani. Jicho la binadamu limeumbwa kufuata kitu kinachosogea. Picha iliyotulia utaipita, lakini kitu kikitikisika pembeni, kichwa kitageuka kabla hujaamua kukigeuza. Mchuuzi wa soko la Kongowea anajua siri hiyo, ndiyo maana hupunga nguo hewani badala ya kuiacha imelala juu ya meza.

Hesabu yenyewe ina kichekesho chake. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kwamba mtu ametazama video ikiwa imecheza kwa sekunde tatu. Sekunde tatu ni muda wa kupiga chafya! Na mwezi Septemba 2016 kampuni hiyo ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewapa wenye matangazo wastani wa muda wa kutazama uliozidi ukweli, kwa sababu wale waliotazama kwa muda usiofika sekunde tatu waliachwa nje ya hesabu. Kwa maneno mengine, watu waliozikimbia video walifutwa, wakabaki waliokaa.

Aidha, pale video moja inapoisha na nyingine kuanza, mtazamaji ananyang'anywa ile nafasi ndogo ya kujiuliza, "Je, niendelee au nikalale?" Zamani kipindi cha runinga kilipoisha, kilikuwa kimeisha. Mama alizima, watoto wakaenda kupiga mswaki. Leo mwisho umeondolewa. Mwanafunzi anayesema atatazama video moja tu ya somo la hesabu hujikuta saa sita za usiku akitazama watu asiowajua wakipika chakula ambacho hatakula.

Tusiwe wepesi wa kulaumu

Hata hivyo, haki yataka tuusikilize na upande wa pili.

Wapo wanaonufaika na video zinazojianzisha. Mama aliye na kitoto mgongoni na mikono iliyojaa unga hufurahi wimbo mmoja unapofuatwa na mwingine bila yeye kugusa simu. Mzee asiyejua pa kubonyeza huweza kumwona mjukuu wake aliye Dubai kwa kuwa picha imeanza yenyewe. Kijana wa Likoni anayeuza viatu kwa kutumia video za nusu dakika hana pesa za kulipia tangazo gazetini. Video yake ikingoja kubonyezwa, huenda wengi wakaipita.

Isitoshe, kukataza kabisa kuliwahi kuleta hasara isiyotarajiwa. Kwa miaka mingi simu za iPhone zilizuia video kujianzisha ndani ya kurasa. Wenye tovuti wakatafuta ujanja. Badala ya video wakatumia picha zile zinazojirudiarudia, maarufu kama GIF, ambazo hakuna aliyezizuia. Kumbe picha hizo ni nzito. Mwaka 2016, Apple ilipoziruhusu video zisizo na sauti zijianzishe, wahandisi wake walieleza kwamba GIF inaweza kumaliza data hadi mara 12 ya video yenye maudhui yaleyale. Marufuku iliyokusudiwa kumpunguzia mtumiaji gharama ilikuwa imemwongezea.

Kwa hiyo suala hili si jepesi. Lakini ukizitazama faida hizo vizuri, utaona kwamba karibu zote zingepatikana hata kama mwenye simu angeulizwa kwanza. Mama wa unga angeitikia mara moja, na muziki ukaendelea. Hasara, kwa upande mwingine, humwangukia hata yule ambaye hakuitikia kamwe.

Pesa za nani?

Tuanze na mfuko. Hapa Likoni mtu anayevuka kwa miguu hupanda feri bure. Data si bure. Wengi wetu hununua bando dogo la siku, au hata la saa moja, na kulipima kama mtu anavyopima mafuta ya taa.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Video ya kawaida kwenye simu, isiyo safi sana, yaweza kutumia takriban megabiti moja kwa sekunde. Kwa kuwa biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, dakika moja ya video hiyo hula megabaiti 7.5. Tuseme mtu yuko kwenye foleni ya feri jioni, anasukuma ukurasa akitafuta habari za mpira. Akipita video 40, kila moja ikajicheza kwa sekunde 15 kabla hajaiacha, hizo ni dakika 10. Zimekwenda megabaiti 75. Akiwa alinunua bando la megabaiti 250, karibu theluthi moja imeyeyuka kabla feri haijafika ng'ambo, na habari za mpira hajazisoma.

Ukinunua viazi karai kwa mchuuzi, hawezi kukutilia vingine kwenye karatasi bila kukuuliza na kisha kukudai pesa. Watu wangejaa pale kushangaa. Lakini kwenye simu jambo hilo hutokea kila siku, na tunapoona bando limekwisha twadhani labda simu ina kasoro.

Wasioona husumbuka zaidi

Kuna kundi jingine ambalo watu hulisahau. Hapa Likoni tuna shule ya watoto wasioona inayojulikana sana. Mtu asiyeona hutumia simu au kompyuta kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa. Sasa fikiria anafungua ukurasa wa habari, sauti inaanza kumsomea vichwa vya habari, na ghafla video ya tangazo inapiga kelele juu yake. Hawezi kuisikia sauti inayomwelekeza mahali pa kuizimia ile video. Ni kama mtu anayeelekezwa njia sokoni huku mwingine akimpigia tarumbeta sikioni.

Shirika la W3C linaloweka kanuni za tovuti duniani liliona taabu hiyo mapema. Kanuni zake za mwaka 2008 zinasema kwamba sauti ikijianzisha kwenye ukurasa na kuendelea kwa zaidi ya sekunde tatu, lazima pawepo njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Ni kanuni nzuri, lakini tovuti nyingi huipita kama dereva wa matatu anavyopita alama ya barabarani.

Macho hayafutiki

Pesa zikipotea zitatafutwa nyingine. Kilichonifanya niandike makala haya ni macho.

Tarehe 26 Agosti 2015, waandishi wawili wa runinga katika jimbo la Virginia, Marekani, walipigwa risasi na kuuawa wakiwa kazini, matangazo yakiwa hewani. Muuaji aliyarekodi mauaji yale na kuiweka video yake mtandaoni. Watu waliofungua Twitter na Facebook asubuhi ile ili waisome habari walijikuta wakitazama mauaji, kwa sababu video ilikuwa ikijicheza yenyewe. Twitter ilikuwa imeanza utaratibu huo miezi miwili tu kabla.

Tarehe 15 Machi 2019, mtu mwenye silaha alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, akirusha unyama wake moja kwa moja kupitia Facebook. Watu 51 walipoteza maisha. Kampuni hiyo ilisema katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo, na kati ya hizo milioni 1.2 zilizuiwa zikiwa bado zinapakiwa. Toa hesabu mwenyewe msomaji: nakala 300,000 zilipenya kwanza kabla ya kuondolewa.

Miezi sita baadaye ikawa zamu yetu Likoni. Kwa mtu wa Nairobi au Kisumu video ile ilikuwa habari ya kusikitisha. Kwa mtoto wa Shelly Beach ilikuwa ni njia yake ya kwenda shule. Feri ni ileile, mteremko ni uleule, na mlango wa feri ni ule anaosimama karibu nao kila asubuhi akiwa na mkoba mgongoni. Wala tusiwasahau jamaa wa waliozama. Miongoni mwetu wapo waliofiwa siku ile, nao pia wana simu. Kila walipofungua mtandao, msiba wao ungeweza kuanza upya bila kubisha.

Mitandao mikubwa ina utaratibu wa kuifunika video ya kutisha kwa onyo, ili isijianzishe mpaka mtu akubali kuitazama. Facebook ilianza hivyo karibu na mwanzo wa mwaka 2015. Lakini ili video ifunikwe, lazima kwanza itambuliwe, na mara nyingi anayetambua ni binadamu. Baadhi ya binadamu hao walikuwa hapa hapa Kenya. Mwaka 2023 vijana zaidi ya 180 waliokuwa wakifanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi walikwenda mahakamani, wakilalamikia kufutwa kazi na madhara waliyoyapata kwa kutazama mambo ya kutisha siku nzima. Ikiwa watu wazima waliojua wanaenda kutazama nini waliumia, sembuse mtoto wa miaka saba aliyekuwa akitafuta picha ya bibi arusi?

Kinga ina tundu

Malalamiko yamezaa matunda kiasi. Kivinjari cha Safari kilianza kuzuia video zenye sauti zisijianzishe mwezi Septemba 2017. Chrome ilifuata Aprili 2018, na Firefox Machi 2019. Mwezi Februari 2020 Netflix iliwaruhusu wateja kuzima vionjo vya filamu vilivyokuwa vikijicheza wakati mtu angali akichagua. Agosti 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kwenye YouTube, video kufuatana zenyewe kungezimwa tangu mwanzo kwa watumiaji walio chini ya miaka 18.

Nchini Marekani, seneta mmoja, Josh Hawley, alipeleka mswada mwaka 2019 wa kupiga marufuku jambo hilo kwenye mitandao ya kijamii, lakini haukuwa sheria. Nchini Kenya, ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku liliwasilishwa katika Bunge la Taifa mwezi Agosti 2023, na mjadala ukawa mkali. Tunayo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Lakini sheria hiyo inahusu taarifa zinazotoka kwa mtoto. Haisemi lolote kuhusu video inayomjia.

Sasa sikia tundu lilipo. Zile kinga za vivinjari hazizihusu programu zilizomo kwenye simu, na huko ndiko wengi wetu tunakotazama video. Nayo kinga ya watoto chini ya miaka 18 hufanya kazi mtoto akiwa na akaunti yake yenye umri wake wa kweli. Katika nyumba ngapi za Likoni, Kisauni au Changamwe mtoto wa miaka saba ana simu yake? Kwetu simu ni moja, ya mama au ya baba, na hupokezanwa kama sahani ya mahamri. Mtandao hauoni kidole kidogo. Unaloliona ni jina la mama mwenye miaka 30 na kitu, na kinachomjia mama ndicho kitakachomjia mtoto. Waliotengeneza kinga hizo walidhani kila mtoto ana kifaa chake.

Ndiyo maana nasema kwamba kumlinda mtoto peke yake hakutoshi. Video ingefaa isimame mpaka iguswe, kwa kila mtu, na anayetaka zijianzishe aende mwenyewe kwenye mipangilio akaziruhusu. Sasa mambo yako kinyume: anayezitaka hana kazi, na asiyezitaka ndiye anayehangaika kutafuta mahali pa kuzizima.

La kufanya leo nyumbani

Tukingoja kampuni na wabunge, watoto watakuwa wamekua. Yapo mambo ambayo mzazi au mwanafunzi anaweza kuyafanya leo jioni, na hayachukui zaidi ya robo saa.

Kwanza, kwenye Facebook ingia kwenye mipangilio, utafute sehemu ya picha na video, kisha neno "Autoplay". Utapewa nafasi tatu: zijicheze wakati wowote, zijicheze kwenye Wi-Fi pekee, au zisijicheze kamwe. Chagua ya tatu. Kwenye X, jambo hilo hilo limo katika sehemu inayohusu matumizi ya data.

Pili, kwenye YouTube kuna kitufe kidogo juu ya video yenyewe kinachoamua kama nyingine itafuata. Kizime. Kisha ndani ya mipangilio zima pia video zinazojicheza unapopitia orodha.

Tatu, WhatsApp. Huko video ya kikundi haijianzishi, lakini yaweza kujipakua yenyewe ikala bando na kujaza simu. Katika sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama kwenye video ili zisishuke mpaka uzitake. Ukifungua taarifa za marafiki, yaani status, kumbuka kwamba hufuatana zenyewe, moja baada ya nyingine.

Nne, TikTok na nyinginezo za aina hiyo haziwezi kusimamishwa kwa njia hii, maana ndivyo zilivyotengenezwa. Waweza kupunguza data na kuweka kikomo cha muda, lakini usimkabidhi mtoto mdogo programu hiyo ukaenda jikoni. Nasema kama mtu aliyewahi kwenda jikoni.

Tano, ukitaka kumwonyesha mtoto picha, zifungue mwenyewe kutoka kwenye hifadhi ya simu, kisha uzime data. Angalau hapo unajua kilichomo.

Mwisho, tunaosambaza tujichunguze. Video ile ya feri haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye simu ya mtu, ikapita kwenye simu za watu kama mimi na wewe, kila mmoja akiisukuma mbele na kuandika maneno ya pole. Pole ingeweza kutumwa bila video.

Alivyovuka

Kwa muda wa karibu wiki mbili sisi wakazi wa Likoni tulivuka mahali pale tukijua kwamba chini yetu kulikuwa na mama na mwanawe. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba 2019, siku ya 13, baada ya wapigambizi kulitafuta kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Jioni hiyo mwanangu aliuliza tena kama wametoka. Safari hii niliweza kumjibu kwamba ndiyo, wametolewa, na sasa watazikwa vizuri. Akanyamaza, kisha akaomba chai.

Kuvuka alivuka, kwani shule haikuhamia Likoni kwa ajili yake. Majuma ya mwanzo alivuka akiwa amefumba macho na kuushika mkoba wangu. Baadaye akafumbua. Leo ni kijana wa shule ya upili, ana mzaha mwingi, na huvuka peke yake. Lakini nimemwangalia: hasimami karibu na mlango wa feri. Huenda katikati, huegemea ukuta, na simu yake huiweka mfukoni mpaka afike ng'ambo.